Hivi kwa nini kovu la jicho linaziba kuona, na kweli kuna mmea unaweza kulizuia?

Msimu wa kupalilia mahindi huku Uyole, Mbeya, hakosekani mtu wa kuchomwa na jani jichoni, jicho linakuwa jekundu wiki nzima, likija kupona kunabaki kidoa cheupe na mtu anakwambia anaona kama yuko kwenye ukungu wa asubuhi. Wengi wanaita mtoto wa jicho ila siyo, mtoto wa jicho yuko ndani kwenye lenzi, hiki ni kovu kwenye konea, kile kioo cha mbele.

Konea ina unene wa kama nusu milimita na haina mshipa wa damu hata mmoja, nyuzi zake za kolajeni (protini ngumu inayoshikilia mwili) zimepangwa kwa mpangilio kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira, ndo maana mwanga unapita. Ukikwaruza juu juu tu inapona siku chache bila alama. Balaa jeraha likizama: seli zilizotulia humo ndani zinapata taarifa kupitia protini inaitwa TGF-beta, zinageuka kuwa seli za kukaza kidonda na kumwaga kolajeni ovyo ovyo, yaani fundi kaziba dirisha kwa tofali.

Sasa kuna mmea Wahindi wanauita ashwagandha, ukoo mmoja na nyanya, viazi na mnavu, na hapa Tanzania unaota pia. Una kitu kinaitwa withaferini A, wanasayansi walikitenga miaka ya 1960. Baadaye timu ya mtafiti Royce Mohan kule Marekani ikaona kinaenda kung'ang'ania vimentini, protini ambayo ni kama kenchi za ndani ya seli na hizo seli za kovu zinaitegemea sana. Panya walioumizwa konea wakapewa hiyo kitu, makovu yakapungua. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba panya waliozaliwa hawana vimentini kabisa nao konea zao zilipona vizuri, kwa hiyo watafiti hawakubahatisha, walilenga penyewe.

Ila hao ni panya jamani. Madaktari wakifanya upasuaji wa presha ya macho na hawataki kovu lizibe njia ya maji wanatumia dawa inaitwa mitomaisini C, na hiyo inatoka kwa bakteria wa udongoni, sio mmea.

Na tafadhali mtu asitoke hapa akaanza kukamua majani jichoni! Withaferini hiyohiyo ikizidi inaua seli, halafu maji ya majani yanaingia na fangasi, na tafiti za hapahapa Tanzania na Malawi zimeshaonyesha dawa za kienyeji za macho zinaendana na vidonda vya konea. Ukichomwa na jani osha kwa maji safi mengi, usisugue, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usinunue tu dawa ya matone ya steroidi (ile ya kutuliza uvimbe, inapunguza kinga ya jicho) dukani maana kama ni fangasi ndo umewapa mbolea.