Kupe wa Mbwa Haishi kwa Mbwa: Dhana Potofu na Ukweli

"Mbwa akishaogeshwa dawa, kupe wamekwisha."

Hapa ndipo watu wengi wanapochoka bure. Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, hula mara tatu tu maishani: akiwa lava (mtoto aliyetoka yaiani) mwenye miguu 6, akiwa nimfu (hatua inayofuata kabla ya kukomaa) mwenye miguu 8, na akishakomaa. Lava hunyonya siku 3 hadi 7 hivi, nimfu siku 5 hadi 10, jike aliyekomaa wiki moja au zaidi. Kila akishiba hujiangusha na kujificha. Lava na nimfu hujivua ngozi huko mafichoni, kisha humwinda mbwa upya, jike hutaga. Muda wote uliobaki yuko bandani au ndani ya nyumba, na kupe mkubwa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Unaowaona mwilini mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya waliopo.

Angalia ukuta ulio nyuma ya mahali mbwa anapolala. Kupe huyu hupenda kupanda. Jike aliyeshiba, wa kijivu, mkubwa kama punje ndogo ya haragwe, utamkuta amejibana kwenye pembe ya dari au nyuma ya fremu ya mlango. Anayenyunyizia sakafu peke yake amemwacha pale pale.

Kazi yenyewe ni hii. Fua matandiko kwa maji ya moto au yachome. Fagia nyufa na uteketeze taka. Mwondoe mbwa, kisha nyunyiza dawa iliyosajiliwa kwa majengo kwenye nyufa, fremu na viungo vya dari, na asirudi hadi pakauke kabisa. Rudia kadiri lebo inavyoelekeza: mayai hayafi kirahisi, huanguliwa baada ya wiki 3 hivi, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Nyufa zenyewe zizibe kwa saruji. Wakati huohuo mbwa awe na kinga isiyokatika kwa miezi kadhaa, ili kila kupe mpya atakayemng'ata afe. Mbwa mwenye kinga ndiye mtego bora ulio nao. Ukimhamisha banda, kupe hubaki wakimngoja.

"Kupe wa mbwa ni wale wale."

Kupe wa njano wa mbwa wa Afrika, Haemaphysalis leachi, hufuata njia nyingine: akiwa lava na nimfu hula panya, na ni yule aliyekomaa tu anayempanda mbwa. Huyu huokotwa nje, vichakani, hivyo kunyunyizia nyumba hakusaidii sana. Kabla ya kununua dawa, weka kupe wawili watatu kwenye kichupa chenye spiriti umwonyeshe daktari wa mifugo.

"Mpake mafuta ya taa au mchome kwa sigara, ataachia."

Mafuta ya taa huunguza ngozi ya mbwa, na kupe anayesumbuliwa anaweza kutema mate zaidi kwenye jeraha. Tumia kibano chenye ncha nyembamba: mshike karibu kabisa na ngozi, usimbane tumbo, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Kipande cha mdomo kikibaki hakioti kupe mpya. Mara nyingi ngozi hukisukuma nje yenyewe. Safisha jeraha kwa dawa ya kuua vijidudu. Kupe mtie kwenye spiriti, usimpasue kwa vidole, kwani majimaji yake hubeba vimelea. Na usimtupe chini akiwa hai: jike aliyeshiba hutaga hata mayai 4,000 ndipo afe.

"Dawa ya kuogeshea ng'ombe inamfaa mbwa, kadiria tu kwa kifuniko."

Amitrazi, dawa ya kuogeshea, ya asilimia 12.5 ina miligramu 125 kwa kila mililita. Mililita 2 katika lita 1 ya maji hutoa asilimia 0.025, kiwango kinachotumika sana kwa mbwa. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko kinaweza kubeba mara kadhaa ya hapo, na mbwa akalegea, akasinzia, mapigo ya moyo yakashuka. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi 4, mbwa wenye kisukari, na paka wasiguswe nayo. Permethrini ya mbwa, dawa nyingine ya kupe, nayo huua paka.

"Nimempa kidonge na bado naona kupe, basi ni bandia."

Vidonge vya kundi la fluralana na afoksolana hufanya kazi kupitia damu: lazima kupe ang'ate kwanza. Tazama kama waliopo wamesinyaa na kukauka: hapo dawa inafanya kazi.

"Kupe mmoja hana neno."

Ehrlichia canis, bakteria aliyeelezwa kwanza Algeria mwaka 1935, anaweza kuambukizwa ndani ya saa chache tu baada ya kupe kuanza kunyonya. Mbwa hupata homa, hukataa chakula, na baadaye huweza kutokwa damu puani. Jike hawarithishi watoto wake bakteria huyu kupitia mayai. Lava humpata kwa mbwa mgonjwa, kisha humpeleka kwa mwingine akiwa nimfu au amekomaa. Hivyo mbwa mgeni apimwe damu na apewe dawa ya kupe kabla hajalala hata usiku mmoja na wenzake.