Emin Pasha: ndege aliwaandika, ukoo akauficha

Ukimwona shomoro mdogo wa rangi ya hudhurungi iliyokolea akimnyang'anya mnana kiota chake, huyo huenda akawa Passer eminibey. Jina alipewa mwaka 1880 na Gustav Hartlaub, mtaalamu wa ndege wa Bremen, kwa heshima ya daktari mmoja huko Sudan ya kusini: Emin Bey. Mwaka 1882 Hartlaub akamwita ndege mwingine, mbwigu, Lanius gubernator, maana daktari huyo alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta. Sisi watu wa ndege tunamjua Emin kwa njia hiyo kabla ya kumjua kwa Stanley, yule mpelelezi wa Afrika.

Alizaliwa Oppeln (leo Opole, Poland) mwaka 1840, Eduard Schnitzer, katika familia ya Kiyahudi. Baba alifariki mapema, mama akaolewa tena, watoto wakabatizwa Kilutheri. Alisomea udaktari, lakini kibali cha kutibu Ujerumani hakukipata. Akaenda Antivari (leo Bar, Montenegro), akaingia utumishi wa Waosmani, akawa mtu wa nyumbani kwa Hakki Pasha, gavana wa Kiosmani. Pasha alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alimchukua mjane na watoto hadi kwao Neisse, mji walikoishi ndugu zake, mjane akijulikana kama mkewe. Mwaka 1875 akaondoka ghafla, akawaachia ndugu zake mzigo wote. Kufika mwisho wa mwaka alikuwa Khartoum, jina Emin, dini Uislamu.

Hapo ndipo ninapomshangaa. Mtu huyu alipima mabawa, midomo na miguu ya ndege bila kuchoka, akaandika mahali na tarehe, hata Wamahdi, waasi wa Sudan waliomfuata Mahdi, walipomkatia njia ya Khartoum. Lakini kwao Neisse walikaa miaka mingi bila barua.

Huko Ikweta alizaa na Safaran, mwanamke wa Kihabeshi. Mama akafa, akabaki binti, Ferida. Stanley alipokuja kumwokoa mwaka 1888 (mwokolewa mwenyewe hakuwa na haraka ya kuondoka), Ferida alikuwa mtoto mdogo wa kubebwa, na alibebwa hivyo hadi pwani.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo Wajerumani waliandaa karamu. Emin, macho yake mabovu, akaanguka kutoka ghorofani na kuumia kichwa vibaya. Stanley alivuka kwenda Zanzibar bila yeye. Wengi humalizia hadithi hapo, na mimi naona wanamwachia Stanley neno la mwisho bure. Emin alipopona aliingia utumishi wa Ujerumani, akarudi bara mwaka 1890, akaanzisha kituo cha Bukoba, akaendelea na ndege wake pamoja na Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani.

Oktoba 1892, huko Kongo, watu wa mkuu aliyeitwa Kibonge walimchinja. Shajara yake ilikuwa bado inaandikwa. Ferida alilelewa Ujerumani na shangazi yake Melanie, dada wa yule yule aliyeondoka Neisse bila kuaga.