Modeli yako ya kalori imepata 0.99? Angalia kwanza hizo kalori zimetoka wapi

Kazi yangu ni data za vyakula, na kitu ninachoonyeshwa sana na wanaoanza ni hiki: mtu kachukua jedwali la virutubisho, kaweka protini, mafuta na wanga, kapiga rigresheni ya mstari (fomula inayozidisha kila safu kwa namba yake kisha inajumlisha) kutabiri kalori, kapata R mraba ya 0.99 (kipimo cha utabiri kulingana na data, 1 ndo kamili), anafurahi kweli. Furaha yake naielewa, ila hapo modeli haijatabiri kitu jamani.

Kalori nyingi za kwenye majedwali na lebo hazikupimwa maabara kwa kuchoma chakula, zimepigwa hesabu tu, protini kilokalori 4 kwa gramu, wanga 4, mafuta 9, namba zilizotokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo umerudishiwa fomula ileile iliyotengeneza hiyo safu. Mimi naangalia yale mabaki madogo, yaani tofauti kati ya kalori za jedwali na zilizotabiriwa, maana huko ndo utakuta nyuzinyuzi (zinahesabiwa 2 hivi), pombe yenye 7, au namba iliyoingizwa vibaya.

Halafu kuna wanga. Majedwali mengi hawaupimi moja kwa moja, wanachukua gramu 100 wanatoa maji, protini, mafuta na majivu (madini yanayobaki chakula kikichomwa), kinachobaki ndo wanga, yaani hizo safu tano zikijumlishwa zinatoa 100 kila mstari. Ukiziingiza zote pamoja na konstanti (namba moja inayoongezwa kwenye kila utabiri) hesabu haina jibu moja, lazima utoe safu moja, na hiyo uliyoitoa inabadilisha maana ya zote zilizobaki. Chukua zile namba za Atwater tupu. Toa maji, na koefishenti (namba inayozidisha kila safu) zinakuwa: mafuta 9, protini 4, wanga 4, majivu sifuri, konstanti sifuri. Sasa rudisha maji utoe wanga: konstanti inaruka hadi 400, mafuta 5, maji na majivu hasi 4 kila moja, na protini SIFURI. Data ileile, utabiri uleule! Asiyejua ataandika kwenye ripoti kwamba protini haina nishati, kumbe koefishenti inasema tu ukitoa gramu ya wanga ukaweka ya protini, kalori hazibadiliki.

Rigresheni inalipa pale unapotabiri kitu kilichopimwa kivyake na kukipima ni gharama. Mfano protini ya nafaka, unamulika punje kwa mwanga wa infraredi, unalinganisha na majibu ya maabara, na hii inatumika kweli kwenye biashara ya nafaka. Hapo pia safu za mwanga zinafanana sana, ndo maana wengi wanazibana kwanza ziwe chache.

Na ukigawa data ya kufundishia na ya kujaribia usigawe mstari mmojammoja kwa bahati nasibu, maharage makavu, ya kuchemsha na ya kopo yote yakae upande mmoja, la sivyo modeli inajaribiwa kwa chakula ambacho tayari imeshakiona.