Si kila injini isiyowaka imeunguza CDI

Korosho zikishalipwa, vijana wengi wa huku Mtwara hununua injini ya mtumba ya cc 125, aghalabu ya toyo (pikipiki) iliyokwisha chinjwa, yaani iliyofunguliwa spea, wakaifunga kwenye fremu nyingine. Injini huja tupu, bila wayaringi. Ikigoma kutoa moto, hukumu ya kijiweni ni moja: CDI, kile kisanduku cha umeme kinachowasha plagi, imekufa. Inanunuliwa mpya, inanunuliwa nyingine, na injini bado kimya. Inaniuma kuona vijana wakipoteza pesa hivyo wakati mita ya bei rahisi ingewaonyesha tatizo kabla hawajafika duka la spea. Hizi hapa dhana za kijiweni, moja moja.

"CDI ni CDI, mradi soketi imeingia."

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi kuliko zote. Kazi ya CDI ni kujaza kapasita umeme wa volti 200 hadi 400, kisha kuumwaga kwa mkupuo kwenye koili ya plagi pale pulsa (koili ndogo inayohisi mzunguko wa magneti) inapotoa ishara. Swali ni kwamba umeme huo wa kujaza kapasita unatoka wapi. CDI ya AC inaupata moja kwa moja kwenye magneti, lile gurudumu la sumaku linalozunguka na injini, kwa koili yake maalumu iliyosukwa kwa waya mwembamba. CDI ya DC inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha yenyewe ndani.

Soketi zinaweza kufanana kabisa. Ukiipa CDI ya AC volti 12 za betri, kapasita haijai na plagi haitoi kitu. Ukiipa ya DC umeme mkali wa koili ya magneti, unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo fungua kava la magneti kwanza. Tafuta koili iliyofungwa tepu, ambayo haifanani na zile za kuchajia, halafu pima kati ya waya wake na bodi ya injini. Mita ikisoma omu mia kadhaa, injini yako ni ya AC. Kama koili hiyo haipo, tafuta CDI ya DC na betri nzima.

Rangi za waya zisikudanganye. Kwenye injini nyingi za Kichina, mweusi wenye mstari mwekundu hutoka kwenye koili ya magneti, bluu yenye mstari mweupe ni ya pulsa, na kijani ni ethi, yaani wa bodi. Lakini injini ya mtumba imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliunga kwa waya aliokuwa nao. Pima. Pulsa nyingi za injini hizi husoma kati ya omu 100 na 250.

"Swichi haihusiani na moto wa plagi."

Inahusiana sana. Kwenye mfumo wa AC, funguo ikizimwa huwa inaupeleka ethi waya mmoja wa CDI, mara nyingi mweusi wenye mstari mweupe, na injini inazima. Sasa fikiria swichi iliyokula upepo wa chumvi wa Shangani au Mikindani miaka kadhaa. Ndani inaota kutu ya kijani, inavujisha umeme kwenda bodi, na moto unapotea hata funguo ikiwa imewashwa. Chomoa waya huo pale kwenye CDI, piga kiki. Moto ukirudi, unachohitaji ni swichi. Tafadhali usiupe waya huo volti 12 kwa kudhani ndio unaowasha. Unaweza kuua CDI nzima.

"Plagi ikitoa moto nje, umeme hauna shida."

Nje hakuna mgandamizo. Ndani ya silinda cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili kuruka pengo lile lile, kwa hiyo moto dhaifu unaouona nje unaweza kuzimika ndani. Pima koili ya plagi pia: upande wa kuingilia huwa chini ya omu 1, wa kutokea omu elfu kadhaa. Na unapojaribu, gusisha mwili wa plagi kwenye chuma cha injini. Waya ukining'inia hewani, umeme unatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa ndani ya koili au CDI yenyewe.

"CDI ya resi inaongeza nguvu."

Mara nyingi inaondoa tu kikomo cha mizunguko. Injini ya kawaida haipati farasi wapya kwa hilo.

"Moto upo, petroli ipo, basi ni kabureta."

Kama kiki inakurudisha mguu au ekzosi inapiga risasi, angalia kwanza kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia magneti kwenye krenki. Kikikatika, magneti inateleza na cheche inakuja wakati usio wake, hata kama kila kifaa ni kipya. Ivute magneti kwa puli yake, kile kifaa cha kuivutia. Nyundo inaweza kuzibandua sumaku zilizo ndani.