Jigi ya kunolea patasi na visu vya randa ni nini, na inafanyaje kazi

Ukisikia mafundi seremala wanaongelea jigi ya kunolea, wanamaanisha kale kadude ka chuma kenye taya mbili, skrubu ya kukazia na kigurudumu kwa chini, unabana patasi au kisu cha randa katikati ya taya halafu unasukuma na kuvuta juu ya jiwe. Ni hicho tu. Haina mota wala umeme, na ukitaka ukweli hata kunoa hainoi, kinachonoa ni jiwe. Yenyewe imepewa kazi moja, kushikilia pembe isibadilike kuanzia unapoanza kusugua mpaka unapomaliza. Kazi hiyo inaonekana ndogo mpaka ujaribu kuifanya kwa mikono mitupu.

Angalia hivi. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, upande mmoja mgongo wa patasi ulio bapa, upande mwingine ule mteremko uliosagwa mshazari kwenye ncha. Mkono wa mtu ukisukuma mbele viwiko vinanyooka na viganja vinashuka, ukirudi viganja vinapanda, kwa hiyo patasi inabembea bila wewe kujua na mteremko unaanza kufura katikati. Saa nyingine jiwe linasugua kisigino cha mteremko tu, yaani ukingo wake wa nyuma, ncha yenyewe haijaguswa hata mara moja, unasugua weee mpaka jasho linakutoka na patasi bado butu vilevile. Au inakuwa kinyume, umeinua sana, ncha imeguswa ndiyo ila imekuwa nene, inakata kwa shida.

Pembe kati ya mteremko na mgongo zinazotajwatajwa sana ni digrii 25 na 30. Patasi ya kukwangua kwa mkono bila nyundo unaweza kuishusha mpaka 20 kwa sababu haipigwi, ile nene ya kuchimbia mashimo ya maungio inataka 30 mpaka 35 la sivyo ncha inamegeka. Randa ya kawaida kisu chake kimelala digrii 45 na mteremko umeangalia chini, kwa hiyo ukinoa kwa 30 kinabaki kijinafasi cha digrii 15 kati ya mteremko na mbao, na hicho kijinafasi ndo kinaruhusu kisu kizame. Mtu akinoa kwa kubembea mpaka ncha ikafika digrii 40 na kitu, nafasi inakuwa karibu hakuna, randa inateleza tu juu ya mbao, anaongeza nguvu, anashusha kisu zaidi, haikati, mwisho anailaumu randa. Zile randa ndogo za mkono mmoja ambazo mteremko wa kisu unaangalia juu hesabu yake ni nyingine: kisu kikilala digrii 12 na umekinoa kwa 30, mbao inakutana na 42, na ukiwa na mbao yenye nyuzi zilizovurugika ambayo inachanika-chanika unanoa kwa 38 unapata 50. Kwa hiyo kwa randa za namna hiyo pembe ya jigi ndo inaamua randa yako inakata vipi.

Sasa jigi inajuaje hii ni digrii 30? Haijui. Hapa ndo wengi wanapotelea, wananunua jigi, wanabana patasi popote pale, wanasugua, halafu wanasema hizi jigi ni utapeli. Mambo yote yako kwenye urefu wa chuma kinachotokeza mbele ya taya. Kigurudumu kimo chake hakibadiliki, kwa hiyo patasi ikitokeza kidogo inasimama zaidi, pembe inakuwa kubwa, ikitokeza sana inalala, pembe inakuwa ndogo. Ile jigi maarufu ya kubana kwa pembeni, Eclipse namba 36 ya Sheffield, Uingereza, ambayo umbo lake limeigwa na kila mtu, vipimo vyake ni hivi: patasi ikitokeza milimita 40 unapata digrii 25, ikitokeza 30 unapata 30. Kisu cha randa ni milimita 50 kwa digrii 25 na milimita 38 kwa digrii 30. Vinatofautiana kwa sababu ya mahali pa kukalia tu, patasi inabanwa kwenye mfereji wa chini wa taya, kisu cha randa ni kipana kwa hiyo kinakaa kwenye kidaraja cha juu, kimo kimeongezeka na lazima kitokeze zaidi ili kilale sawa.

Hebu rudi kwenye namba za patasi. Milimita 10 ni digrii 5, maana yake ukikosea milimita 2 umekosea digrii moja. Digrii moja yenyewe mbao haitaisikia. Tatizo ni kukosea tofauti kila siku, kwa sababu ukinoa leo kwa 31 na wiki ijayo ukabana ikawa 29, jiwe litaanza kula kisigino na itabidi utoe chuma chote cha hapo kati mpaka ufike ncha, yaani kazi ya dakika mbili imekuwa ya dakika kumi na tano. Mimi naona watu wanahangaika na protrakta kutafuta 30 kamili wakati cha kuhangaikia ni kuirudia ileile, hata kama ni 29 na nusu.

Na kuirudia hakuhitaji rula kila mara. Chukua kipande cha plaiwudi, pima milimita 30 kutoka ukingoni, hapo gundisha kijiti kigumu na ukikaze na skrubu, pembeni yake weka kingine kwa milimita 38, kingine 40, kingine 50, andika juu yake na makapeni kipi ni cha nini. Ukitaka kunoa unaegemeza taya za jigi kwenye ukingo wa ubao, unasogeza patasi mpaka ncha iguse kijiti, unakaza skrubu, umemaliza. Kwa maoni yangu bila hako kaubao una nusu ya jigi. Kuna jigi kama Veritas Mk.II ya Kanada inakuja na kifaa chake cha kupangia urefu na ni kizuri kweli, ila kaubao ka plaiwudi kanafanya kazi hiyohiyo. Kuna nyingine pia ambazo kigurudumu kinatembea juu ya meza nyuma ya jiwe badala ya juu ya jiwe lenyewe, hizo angalia, ukibadilisha jiwe nene ukaweka jembamba pembe nayo imebadilika, kwa hiyo mawe yote lazima yawe na kimo kimoja.

Kitu kinachofanya jigi iwe ya haraka ni mteremko wa pili. Chukua patasi yenye unene wa milimita 3, mteremko wake ukiwa digrii 25 una urefu wa kama milimita 7. Kusugua uso wote huo kwenye jiwe laini kila patasi inapochoka ni adhabu. Kwa hiyo mteremko mkubwa unauacha kwa 25, ulisagwa kwenye grenda au jiwe la kukwaruza huko nyuma, halafu kwenye jigi unapanga 30 na unasugua ncha tu, kamstari kembamba hata milimita moja hakafiki. Misuguo kama kumi kwenye jiwe la namba 1000 (namba ikiwa kubwa chembe za jiwe ni ndogo na jiwe ni laini zaidi), michache tena kwenye namba 4000 au 8000, inatosha. Kila ukinoa hako kamstari kanapanuka kidogo, na kakishakuwa kapana kiasi kwamba kunoa kunachukua muda, unarudisha patasi kwenye 25, unasaga mteremko mkubwa upya, unaanza tena. Hapo ndo unaona faida ya kurudia pembe ileile, kwa sababu kwa mkono mtupu kugusa kamstari ka nusu milimita bila kukaviringisha si kazi ya mtu anayeanza.

Ukitaka kujua kama jiwe linagusa unapotaka, paka mteremko wote wino wa makapeni, sugua mara mbili tatu, inua uangalie. Wino ukiwa umetoka kwenye makali kona mpaka kona, vizuri. Umetoka kona moja tu, basi patasi imebanwa upande au vidole vyako vinagandamiza upande mmoja. Na vidole vikae juu ya chuma chenyewe karibu na makali, usigandamize jigi, maana nguvu yote uliyoweka juu ya kigurudumu inazungusha kigurudumu tu, haisugui kitu.

Unasugua mpaka lini? Mpaka uusikie ule unyuzi wa chuma kwa nyuma. Pitisha kidole mgongoni kuelekea nje ya makali, usipitishe kando ya makali utajikata, utasikia kitu kinakwaruza kidogo, hicho ni chuma kilichojikunja baada ya mteremko kufika mwisho kabisa. Kama kipo kwa upana wote wa makali basi umefika, hata kama umesugua mara nane tu, na kama kipo nusu bado hujafika hata kama umesugua mara mia. Watu wanahesabu misuguo badala ya kutafuta unyuzi na ndo maana patasi zao zinakata kushoto hazikati kulia. Ukishaupata kwenye jiwe la kukwaruza unapanda kwenye jiwe laini, mwisho unalaza mgongo bapa kabisa juu ya jiwe laini, unasugua kidogo, unyuzi unaondoka. Mgongo haunolewi na jigi. Unawekwa bapa na kung'arishwa mara moja patasi ikiwa mpya, si lazima wote, ile sentimita mbili tatu za mbele zinatosha, na ukiuacha na michirizi ya kiwandani hakuna jigi itakayokusaidia kwa sababu nusu ya makali ni mgongo. Kwa kisu cha randa kuna ujanja uliosambazwa na fundi Mwingereza David Charlesworth, unaweka rula nyembamba ya chuma ukingoni mwa jiwe, mgongo wa kisu unaegemea juu yake, kwa hiyo unang'arisha ncha tu badala ya uso mzima. Patasi usiifanyie hivyo, mgongo wake lazima ubaki bapa maana ndo unaoiongoza ikiwa ndani ya mbao.

Kuhusu kigurudumu, kuna chembamba na kipana na si urembo. Kipana kinakulazimisha unyooke, makali yanatoka skwea hata kama mkono wako haujatulia, ni kizuri kwa patasi pana na kwa anayeanza. Chembamba kinakuruhusu kuegemea kona, misuguo michache kona ya kushoto, michache kulia, na hapo kisu cha randa kinapata tumbo dogo sana katikati, kona zake haziachi mistari kwenye mbao. Wanaopenda mbao itoke safi moja kwa moja kwenye randa wanataka hicho. Kwa patasi nyembamba kama ya milimita 6 na kigurudumu chembamba ujue kuyumba ni rahisi, shika taratibu.

Zile jigi za kuiga za bei ndogo zinafaa, sitaki kudanganya mtu kwamba lazima ununue ya gharama, ila mara nyingi ile mifereji ya patasi imejaa rangi au ilitoka kiwandani haijanyooka, patasi inakaa imeinama. Tupa ndogo ya pembe tatu inasafisha mfereji mpaka patasi inalala yenyewe. Kaza na bisibisi, vidole peke yake havitoshi, patasi inateleza katikati ya kazi na pembe yote imepotea. Ukihama jiwe futa kigurudumu, chembe za jiwe la kukwaruza zikiingia kwenye jiwe la 8000 zinachora makali uliyokuwa unayalainisha. Tone la mafuta kwenye ekseli. Na kama unanoa juu ya msasa uliogundishwa kwenye kioo, vuta tu usisukume, ukisukuma makali yanachana msasa. Mawe ya maji yanachimbika haraka, usipite njia moja katikati kila siku, zunguka jiwe lote na ulinyooshe mara kwa mara, maana jigi juu ya jiwe lenye bonde inakupa makali yenye bonde.

Wapo mafundi wanaonoa kwa mkono maisha yao yote na wanaona jigi ni ya watoto. Wengine wananoa mteremko uliofura makusudi kabisa na patasi zao zinakata vizuri, hilo sibishi, mkono uliozoea unaweza na ni wa haraka zaidi kwa sababu hakuna kubana na kubandua. Ila yule anayenoa mara moja kwa wiki hana mkono huo, na ushauri wa kwamba azoee tu unamgharimu patasi nyingi. Hata aliyezoea akipewa chuma kilichomegeka au kisu kilichopinda makali, kukirudisha skwea na jigi ni rahisi kuliko kukikadiria kwa macho.

Kuna vitu havikai humo. Patasi za makali ya mviringo hapana, zinanolewa kwa kuzungusha mkono. Visu vifupi vya zile randa za mikono miwili za kulainishia miguu ya viti vinashindwa kutokeza vya kutosha, wengine wanachonga mpini wa mbao wenye mkato wa msumeno, wanachomeka kisu humo halafu wanabana huo mpini kwenye jigi. Visu vilivyokatwa mshazari vinahitaji jigi yenye sehemu ya kugeuza pembe. Na zile patasi kuukuu ambazo mbavu zake zinapungua upana kuelekea mpini, taya za pembeni hazizishiki vizuri hata ukaze vipi, hizo zinataka jigi ya kubana kutokea juu.