Kichujio Chako Kimekwisha Lini?

Mjomba wangu ni fundi wa kupiga rangi magari, Tanga, kazi aliyoianza kabla sijazaliwa. Mwaka juzi nilimpelekea maski ya mpira yenye katriji mbili pembeni, zile za kuzuia mvuke wa thina. Baada ya wiki chache nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba. Maski inafaa?"

"Marahaba mwanangu. Inafaa sana, kifua hakinibani tena. Ila nieleze kitu kimoja: hivi vidude vya pembeni nitajuaje vimekwisha?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo ndilo kazi yangu. Mimi ni mkemia katika kampuni ya watu tisa huko Massachusetts, na sehemu kubwa ya mshahara wangu imelipwa na serikali ya Marekani ili nitafute jibu lake.

Ukiipasua katriji ya mjomba utakuta punje nyeusi za mkaa amilifu. Mkaa mzuri wa aina hii hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, hivi hivi tunavyochochea motoni. Kifuu huchomwa pasipo hewa, kisha hupitishiwa mvuke wa maji kwenye joto kali mpaka kikatobokatoboka vijitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ya mkaa huo ina kuta za ndani zenye eneo la kama mita za mraba 1,000, na molekuli za thina hunasa kwenye kuta hizo. Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vifuu havikutosha mahitaji ya maski za jeshi, na raia wa Marekani wakaombwa kukusanya kokwa za pichi na maganda ya njugu ili zichomwe mkaa badala yake.

Mkaa haujai kwa mkupuo. Hujaa kuanzia upande hewa inakoingilia, na mpaka kati ya mkaa uliojaa na ulio mtupu husogea polepole kuelekea puani, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kwa muda wote huo anayevaa hahisi chochote. Mpaka huo ukifika mwisho, sumu inaanza kupita.

Zamani mafundi waliambiwa: ukisikia harufu, badilisha. Ushauri huo ni mbaya. Pua hazilingani, na zipo gesi zinazoiua pua yenyewe: salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza, ikizidi kiasi fulani huifanya pua isisikie tena harufu yake. Tena rangi za magari za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi, zina isosianeti, kemikali inayoweza kuleta pumu ya maisha, na kiasi cha kukudhuru kinaweza kupita bila pua kukuonya. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya usalama kazini, ilipoandikwa upya mwaka 1998, ilikataa harufu isiwe kipimo pekee. Mwajiri atumie katriji yenye kiashirio cha mwisho wa matumizi, au apige hesabu ya saa na kubadilisha kwa ratiba.

Hesabu hiyo nayo ina tundu lake. Maji ya hewani hugombea vijitundu vilevile na thina, kwa hiyo katriji inayodumu siku nzima mahali pakavu huweza kuchoka mapema mno kwenye mji wenye unyevu. Na Tanga, nani asiyeijua hewa yake?

Tulichotaka kutengeneza sisi ni kihisi kidogo cha kukaa ndani ya mkaa wenyewe: utando mwembamba wa plastiki uliochanganywa na masizi safi, umepakwa juu ya nyaya mbili. Mvuke ukifika, plastiki inavimba, chembe za masizi zinaachana, umeme unapata shida kupita, na taa inawaka. Tulikichimbia katikati ya mkaa, kwa sababu ukikiweka mwisho kabisa kitakuonya wakati umeshavuta.

Nani angetupa fedha za kujaribu hilo? Benki haikopeshi swali. Mwekezaji naye huuliza utauza ngapi mwaka ujao. Hapo ndipo ninaposema bila kusita kwamba Wamarekani walifanya jambo la maana. Mwaka 1977 Roland Tibbetts, akiwa katika taasisi ya taifa ya sayansi, alianzisha mpango wa majaribio wa kuzipa biashara ndogo fedha za utafiti kwa hatua. Mwaka 1982 Bunge likaufanya sheria ya serikali nzima, nao ukajulikana kwa herufi SBIR. Kufikia mwaka 2017 kila idara ya serikali ambayo bajeti yake ya utafiti unaofanyika nje ya idara ilizidi dola milioni 100 ililazimika kutenga angalau asilimia 3.2 kwa kampuni zisizozidi wafanyakazi 500. Si mkopo, wala serikali haichukui hisa.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi idara nyingi, hasa za ulinzi, zinavyotangaza mada. Afisa anaandika tatizo lake: askari wetu hawajui kichujio kimebakiwa na uhai kiasi gani. Hasemi suluhisho liweje. Hatua ya kwanza ni fedha kidogo za miezi michache kuuliza kama jambo linawezekana. Sheria ya 2011 iliweka kiwango cha mwongozo cha dola 150,000 kwa hatua hiyo na dola milioni 1 kwa ya pili, ambayo kwa kawaida huchukua kama miaka miwili ya kujenga sampuli inayofanya kazi. Viwango hivyo huongezwa kufuatana na mfumuko wa bei.

Hatua yetu ya kwanza ilikaribia kutushinda. Niliweka kihisi kwenye katriji mpya kabisa, nikapitisha hewa yenye unyevu wa asilimia 80 isiyo na tone la thina, na baada ya dakika arobaini taa ikawaka. Nilibadilisha katriji, ikawaka tena. Kihisi kilikuwa kinapima maji. Tulikaa wiki tatu na tatizo hilo hadi mwenzangu akapendekeza tuweke tando mbili za plastiki tofauti, moja inayopenda maji na moja inayopenda mafuta, tusome tofauti yao. Niliyaandika yote kwenye ripoti, pamoja na grafu mbaya. Tukapewa hatua ya pili.

Kati ya hatua ya kwanza na ya pili ofisi iliyotufadhili ilichelewa miezi saba kusaini mkataba. Wenzetu wawili waliondoka, mmoja wao ndiye aliyeibuni dawa ya zile tando mbili. Siwezi kumlaumu, ana watoto. Lakini maarifa yaliyokuwa mikononi mwake tulianza kuyatafuta upya.

Hatua ya tatu ni ya kuingiza kitu sokoni, na fungu la SBIR halitumiki huko. Idara inaruhusiwa kukupa mkataba bila zabuni ya ushindani, ila kwa fedha zake nyingine, kama inazo na kama inataka. Ndipo tulipo sasa. Kihisi kinafanya kazi. Jeshi linaweza kumudu bei yake, fundi wa gereji hawezi, na bei haishuki bila mtu wa kununua nyingi kwa mpigo. Nalisema hili kwa uchungu, kwani fundi huyo huvuta thina siku nyingi kwa mwaka kuliko askari anavyokutana na gesi.

Kwa hiyo mjomba nilimjibu kwa nilichonacho. Kwa rangi ya hadina, maski ya katriji ni afadhali kuliko kitambaa, ila kinga ya kweli ni maski ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Mkaa haupumziki ukitundikwa ukutani, unaendelea kunyonya mvuke wa gereji, na ulichokwisha kunasa husambaa usiku kuelekea upande wa pua. Andika tarehe juu ya katriji siku unayoifungua, hesabu saa za kazi, na msimu wa mvua zipunguze.

Wiki iliyopita alinitumia picha. Katriji zake ziko ndani ya ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu nyekundu, na chini yake vistari vya saa, vitano vitano.