Paka wa Lamu hakuumbiwa samaki

"Daktari, huyu ni paka wa Lamu, chakula chake samaki." Nimeambiwa hivyo Mkomani, nimeambiwa Langoni, na Shela nimeambiwa na wageni walionunua majumba na kufundishwa maneno hayo na wapishi wao. Kila mara anayesema huwa amekuja na paka mgonjwa kikapuni. Naona bora niliandike jambo hili, kwa sababu kulisema kumenichosha.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa nchi kavu, Felis lybica, anayeishi Afrika na Mashariki ya Kati hadi leo. Kisiwani Saiprasi lilifukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, paka amezikwa kando ya mtu, na wachimbuzi wanaamini kilichomleta karibu na watu ni panya wa ghalani. Mvuvi hakuwa. Hata wale wanaowaambia watalii kuwa paka wetu, kwa miguu yao mirefu na shingo zao nyembamba, ni kizazi cha paka wa Mafarao, wakumbuke kwamba paka wa Misri alitukuzwa kwa kuua panya na nyoka. Samaki amempata kwetu, kwa kuwa sisi ndio tunaovua.

Hapo ndipo ninapoulizwa kuhusu paka wa diko, pale pwani wavuvi wanaposhushia samaki, "Mbona wale wa dikoni wanakula samaki na wako wazima?" Nani kasema wako wazima? Paka akifia kichochoroni huzolewa na taka, hakuna anayemfungulia faili. Halafu wale hawali samaki peke yake. Keti barazani baada ya Isha uwatazame. Mmoja ana panya wa mtaroni, mwingine anamvizia mjusi kafiri ukutani, wa tatu kaokota kinda la kunguru au matumbo ya kuku nyuma ya mkahawa. Akila panya amekula nyama, moyo, ini, damu, mifupa na ubongo kwa mkupuo mmoja. Samaki wa dikoni ni nyongeza tu. Anayeniletea kazi ni yule anayependwa mno, aliyefungiwa ghorofani asipate viroboto, anayetengewa sahani ya samaki wadogo waitwao simu, wabichi, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Paka wa namna hiyo huja hivi. Kwanza hususia chakula, na mwenyewe hudhani amechoshwa na simu, humbadilishia akampa dagaa. Baada ya siku chache anayumba akitembea. Akifika kwangu kidevu kimezama kifuani, ukimwinua kichwa kinarudi chini, na mboni za macho zimepanuka ingawa ni saa saba mchana na jua limejaa mlangoni. Wengine huwa wameshaanza kifafa, na nyumbani wameshasomewa, wameshafukiziwa ubani. Huo ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Baadhi ya samaki wabichi, hasa wengi wa jamii ya simu na dagaa, wana kimeng'enya kinachoivunja thiamini tumboni kabla mwili haujaipata. Si samaki wote wenye kimeng'enya hicho, ndiyo sababu jirani yako anaapa kuwa paka wake anakula changu miaka na hana neno. Ukiwahi, sindano za B1 humrudisha upesi, na mara nyingi kesho yake anakula. Ukichelewa, ubongo umeshadhurika na sindano haiwezi kuurudisha ulivyokuwa.

Mtu akisikia hayo hunijibu, "Basi nitampikia." Kupika kweli huua kile kimeng'enya. Lakini bado unampa samaki tupu, na samaki wenye mafuta mengi kama jodari na vibua wana ugonjwa wao wa pili. Mafuta yao huoza upesi mwilini pasipo vitamini E ya kutosha, nayo mafuta ya paka mwenyewe chini ya ngozi huvimba, yakawa magumu na ya manjano. Paka huyo hupatwa na homa, hujikunyata, na ukimgusa tumbo hulia. Wenyewe huniambia, "Amekuwa na hasira siku hizi." Hana hasira, anaumwa ngozi nzima. Na jodari wa kopo, yule aliyetengenezewa binadamu, hana tofauti hapa.

Sijasema samaki ni haramu kwa paka. Mara moja au mbili kwa wiki, aliyepikwa, bila chumvi wala masala, ni sawa kabisa. Ninachokataa ni kitu kimoja kila siku, hata kiwe kizuri namna gani.

Kukataa huko kunanipeleka kwa kundi la pili, ambalo limesoma kwenye simu zao kwamba paka ni mla nyama. Kweli ni mla nyama, tena hawezi kuwa kingine. Hawezi kutengeneza vitamini A kutokana na karoti, na taurini, kirutubisho cha nyamani, hawezi kuiunda mwenyewe ya kumtosha, lazima aipate kwenye mnyama. Basi wanakwenda buchari pale sokoni karibu na Ngome, wanakatiwa steki safi isiyo na mfupa wala mafuta, wanampa mtoto wa paka miezi mitatu, wakijiona wamefanya hisani. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili wa mtoto huyo hukopa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Anaruka kutoka barazani, kitu cha kila siku kwa paka, mguu unavunjika. Watu hushangaa, "Ameruka kidogo tu!" Nami nikimpiga picha ya eksirei, mifupa haina weupe wa kutosha.

Kwa hiyo ukitaka kumlisha nyama mbichi, mlishe mnyama mzima kwa vipande. Wafugaji wanaotumia njia hii hupima hivi: katika kila sehemu 100, nyama na moyo 80, mfupa mbichi unaolika 10, ini 5, na kiungo kingine cha ndani kama figo au bandama 5. Ni kipimo cha wafugaji, hakikutoka maabara, na hata kikifuatwa sawasawa kinaweza kupungukiwa vitamini E, thiamini na madini kadhaa. Ndiyo maana nasisitiza kubadilisha. Wiki hii kuku, wiki ijayo mbuzi, halafu ng'ombe, sungura akipatikana, bata akipatikana. Kilichopungua kwa huyu huenda kikapatikana kwa yule. Mfupa hapa ni shingo au bawa la kuku, bichi. Kama unaogopa mifupa, saga maganda ya mayai yaliyokaushwa yawe unga laini, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Paka mzima wa kilo 3 hutosheka na gramu 90 hadi 120 kwa siku. Mtoto hula zaidi ya hapo kwa uzito wake, tena mara nne kwa siku.

Na moyo, jamani, moyo! Ukikutana nami sokoni nitakusimamisha nikuulize kama umenunua moyo. Moyo wa ng'ombe au wa mbuzi una taurini nyingi, bei yake haishindani na steki, na paka wengi huupenda kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa na upungufu wa taurini, tena wengi wao walikuwa wakilishwa vyakula vya madukani. Walipopewa taurini, wengi walipona. Ndipo watengenezaji wakaongeza taurini kwenye vyakula vyao. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo wewe unayechemsha nyama na kumwaga supu, unamwaga kile ulichokifuata sokoni. Ukichemsha, mpe na supu yake.

Sasa kuhusu kumhamisha. Hapa dhana ni, "Mnyime siku mbili tatu, njaa itamfundisha." Mbwa labda. Paka, hapana, hasa aliyenenepa. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini, ini likaziba, ufizi na ndani ya masikio vikawa vya manjano, na kumrudisha ni wiki nyingi za kumlisha kwa mpira wa kupitishia chakula. Nimewaona wanaoletwa hivyo na wenyewe wanajisifu kuwa hawakulegea. Paka huchagua chakula chake akiwa mdogo, na aliyekulia kwenye simu anaweza kuangalia moyo wa mbuzi asijue hata kama ni chakula. Anza na chembe, ukubwa wa punje ya mchele, juu ya samaki wake uliyempikia. Ipashe nyama kwa kuitia kwenye mfuko na kuuzamisha katika maji ya vuguvugu, ifikie joto la mwili, maana nyama ya baridi haina harufu kwake. Punguza samaki kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na mzee mpe mwezi au zaidi. Siku asipokula kabisa, rudi kwa chakula chake cha zamani jioni hiyohiyo.

Wapo wanaosema nyama mbichi itamfanya paka mkali, aanze kula vifaranga vya jirani. Anayekula vifaranga alikuwa akivila kabla hujanunua nyama.

"Friza inaua kila kitu." Haiui. Siku kadhaa chini ya nyuzi 18 hasi hupunguza sana vimelea kama toksoplasma, lakini bakteria kama salmonela hulala tu, huamka nyama ikiyeyuka. Na umeme wa kisiwani mnaujua. Nyama iliyoyeyuka ikaganda tena usimpe, wala sahani isikae chini zaidi ya nusu saa kwa joto letu hili. Osha ubao na kisu kwa sabuni. Mama mja mzito amwachie mwingine kazi ya mchanga wa choo cha paka, na mchanga huo usafishwe kila siku, kwa kuwa mayai ya toksoplasma huchukua siku moja hadi tano kabla hayajaweza kuambukiza. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa asiye na kinga, mimi hushauri nyama ipikwe, basi.

"Ini ni dawa, ampe kila siku." Kila siku kwa miezi, vitamini A humzidi, mifupa ya shingo hushikana, asiweze hata kujilamba mgongo. Kidogo, mara mbili kwa wiki.

Wali na mchuzi: mchuzi wetu una kitunguu maji na thomu (kitunguu saumu), na vyote viwili, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mifupa ya biriani nayo itupwe mbali, mfupa uliopikwa hupasuka ncha kali. Maziwa huwaharisha paka wazima wengi. Mpe maji, kwenye bakuli pana, mbali na chakula.

Chakula cha pakiti kuwa sumu? Upuuzi. Kama huna muda wala friza, pakiti iliyoandikwa kuwa ni mlo kamili ni bora kuliko nyama uliyoipangilia kwa kubahatisha. Mimi mwenyewe nina paka wanaokula vyote viwili.

Mwisho, lile la "paka ana akili, hawezi kula sumu". Wavuvi wakimpata bunju, yule samaki anayejivimbisha, wavuni humtupa mchangani, na paka hajui. Sumu ya bunju, zaidi iliyo kwenye ini na mayai, hulegeza misuli hadi ile ya kupumua, na haina kiua sumu. Ukimwona paka wako ametoka dikoni anatoa mate, anapepesuka, miguu ya nyuma inamkataa, usimnyweshe maziwa, usimnyweshe mafuta ya nazi wala mkaa. Koo lake halimezi tena, utampalia. Mfunge kwenye kanga umlete, hata kama ni usiku.